Mguu Uliovunjika na Kinga: Lini Mgonjwa Atapanda Tena?



Siku ya kilo tunazungumza nawe juu ya chanjo, juu ya kuhara, juu ya chakula cha mtoto. Leo tunataka kuzungumza juu ya mguu uliovunjika, na juu ya kinga, ndiyo baiskeli. Pengine utauliza: "Ile mambo inaniangalia mimi namna gani? Mimi sipandi kinga." Inakuangalia sana. Baba akivunjika mguu, ni wewe unayepeleka chakula kwa lopitali. Kijana akirudi nyumbani na magongo, ni wewe unayemwosha na kumlalisha. Na siku atakaposema, "Mama, mi nimepona, leo nakamata kinga yangu," hakuna munganga pale uani. Uko wewe peke yako. Neno lako siku ile linaweza kuokoa mguu au kuuvunja mara ya pili.

Huku kwetu kinga si mchezo. Njia nyingi hazipitiki kwa gari, zaidi wakati wa mvua. Kinga inaingiza makala mjini Lubumbashi. Inapeleka mihogo na bidoni za mawese sokoni. Kisangani inachukua watu, wanaiita toleka. Mara nyingi ni kinga vilevile inayomfikisha mama mwenye uchungu kwenye kituo cha afya. Kwa hiyo mguu wa mwenye kinga ukivunjika, chungu nacho kinapoa. Sisi waganga tunasema, "Ngojea." Njaa inasema, "Enda." Kijitabu hiki kinataka kukusaidia katikati ya maneno haya mawili.

Shika neno hili moja kwanza: MFUPA KUUNGANA NI JAMBO MOJA, MGUU KUPONA NI JAMBO LINGINE. Watu wengi wanapotea hapa. Wanaona plata imetolewa, wanafikiri kazi imekwisha. Kwa kweli, siku plata inapotolewa, nusu ya kazi imebaki, na nusu ile inafanyika nyumbani.

MFUPA UNAUNGANA NAMNA GANI?

Mfupa si kama mti mkavu. Mfupa una uhai, una damu ndani yake. Unapovunjika, damu inamwagika katikati ya vipande na kuganda. Mguu unavimba na kuuma sana. Katika juma la pili na la tatu, damu ile iliyoganda inageuka kuwa kitu laini kinachoshika vipande pamoja, sawa vile udongo mbichi unavyoshika matofali. Ukigusa ukuta mbichi, unaanguka. Kuanzia juma la nne au la sita, kitu kile kinaanza kukauka na kuwa mfupa mpya, lakini mfupa huo bado ni dhaifu. Kisha, kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, mwili unaendelea kuutengeneza na kuuimarisha.

Angalia vizuri: maumivu yanapungua mapema, mbele ya mfupa kuwa na nguvu. Ndiyo sababu mgonjwa anadanganyika. Hasikii maumivu, anasema amepona. Ukuta wake ungali mbichi.

INACHUKUA MUDA GANI?

Watu hawafanani, lakini hesabu hii itakusaidia:

Mfupa wa paja wa mtu mzima: miezi 3 au 4, pengine zaidi.
Mfupa wa muundi wa mtu mzima: miezi 3 au 4, kama kulikuwa na kidonda kilichofika kwenye mfupa, inaweza kupita miezi 6.
Fundo la mguu: majuma 6 mpaka 8.
Paja la mtoto mdogo wa chini ya miaka 5: majuma 4 mpaka 6.
Paja la mtoto wa masomo: majuma 6 mpaka 10.

Hiyo ni hesabu ya mfupa kuungana tu. Si hesabu ya kubeba mfuko wa makala. Kama munganga ametia chuma ndani ya mfupa, mgonjwa anaweza kuruhusiwa kukanyaga mapema zaidi. Lakini chuma hakiunganishi mfupa; kinaushika tu mpaka uungane wenyewe. Fuata yale uliyoambiwa juu ya mguu ule, si yale jirani aliyoambiwa juu ya mguu wake.

SIKU ZA KWANZA: ANGALIA VIDOLE

Mtu anapoanguka na mguu kuvunjika, usimsimamishe, usiuvute mguu. Funga miti miwili iliyofunikwa nguo, mmoja ndani, mmoja nje, kupita kiungo cha juu na kiungo cha chini. Kama kuna kidonda, kifunike kwa kitambaa safi. Usitie udongo, wala majani, wala mavi ya ng'ombe. Pepopunda inaingia pale. Mchukue kwa tipoye mpaka lopitali.

Wengine wanamwita kwanza fundi wa mifupa wa kijiji. Hatutaki kumtukana mzee yule. Lakini mambo mawili tunayakataa kabisa: kukanda mahali palipovunjika, na kufunga kamba au miti kwa nguvu. Kamba ikikaza, damu haipiti. Mguu unaweza kufa kwa muda wa saa chache, na kisha hakuna njia ila kuukata.

Hatari hiyo iko hata ndani ya plata yetu ya lopitali. Kwa hiyo angalia vidole vya mguu asubuhi, mchana na jioni. Vidole viwe vya moto, viweze kucheza, na visikie unapogusa. Ukibonyeza ukucha, weupe urudi kuwa mwekundu upesi. Kama vidole ni baridi, ni vyeupe au vya buluu, kama vimekufa ganzi, ama kama maumivu yanazidi hata mguu ukiwa umeinuliwa na dawa imemezwa, usingoje kupambazuka. Rudi lopitali usiku ule ule.

CHAKULA KINACHOJENGA

Wewe unajua mtoto anahitaji chakula cha kujenga mwili. Mfupa uliovunjika nao ni mtoto: unajengwa upya. Bugali peke yake haitoshi. Mpe mgonjwa maharagi, karanga, soya, mayai ukiyapata, sombe na majani mengine mabichi yaliyopikwa vizuri. Ndakala zilizokaushwa ni nzuri sana, kwa sababu anakula na mifupa yake pamoja. Si lazima nyama ya bei. Awe na jua la asubuhi mwilini, asifungwe ndani ya nyumba miezi yote.

Tumbako inachelewesha mfupa kuungana. Hilo si neno la kumtisha mtu, limepimwa na waganga. Na pombe inaangusha mtu mwenye magongo. Mwambie hivyo wazi.

KAZI YA MGUU INAANZIA KITANDANI

Nyama ya paja isiyofanya kazi inakwisha upesi sana. Kamata kamba, pima paja zima, kisha pima paja la ugonjwa, utaona mwenyewe. Goti nalo likikaa bila kukunjwa, linakauka kama bawaba yenye kutu. Mgonjwa anayelala tu miezi mitatu atainuka na mfupa mzuri na mguu usiofaa kitu.

Kwa hiyo, munganga akikubali, mgonjwa afanye kazi hizi mara tatu kwa siku:

1. Anyooshe mguu kitandani, asukume goti chini kama anataka kuponda karanga chini yake. Ahesabu mpaka 5, aachilie. Mara 10.
2. Achezeshe vidole na fundo la mguu, juu na chini. Mara 20. Kazi hii inasaidia damu kutembea.
3. Ainue mguu ulionyooka, urefu wa shubiri moja juu ya kitanda. Ahesabu mpaka 5, aushushe polepole. Mara 10.
4. Plata ikitoka, avute kisigino kuelekea matako, kitandani, mpaka goti likatae. Ashike kidogo, anyooshe tena. Mara 10.

Angalia! Yeye mwenyewe akunje goti kwa nguvu zake. Hapana kuita vijana wawili kumkunja kwa nguvu. Tumeona mfupa uliokwisha kuungana ukivunjwa kwa "msaada" wa namna hiyo.

MAGONGO NA MIZANI

Magongo yasifike kwapani. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu katikati ya gongo na kwapa. Uzito ukae mikononi. Mtu anayeegemea kwa kwapa anaumiza mishipa, na mikono yake inalegea.

Munganga anaweza kusema, "Sasa akanyage kidogo." Kidogo ni nini? Hapa mizani ya mama wajawazito itatusaidia. Siku ya kliniki, mwombe muuguzi aiweke chini. Mgonjwa asimame na magongo, mguu mzima sakafuni, mguu wa ugonjwa juu ya mizani. Akanyage mpaka mshale ufike kilo 10. Afanye mara nyingi mpaka mguu ujue kilo 10 ni nguvu gani. Juma lingine, kama ameruhusiwa, kilo 20. Hivyo anajifunza kwa macho yake, si kwa kubahatisha.

Kwenye ngazi au mtelemko, mfundishe hivi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, magongo na mguu wa ugonjwa vinatangulia.

MILANGO MITANO MBELE YA KINGA

Sasa tunafika kwa swali lenyewe: lini atapanda? Usihesabu miezi peke yake. Hesabu milango. Kila mlango ufunguke kwanza, kisha unaenda kwa mwingine.

Mlango wa 1. Munganga ameona radio (picha ya mfupa) na kusema mfupa umeungana. Ukibonyeza kwa kidole mahali palipovunjika, hapaumi.
Mlango wa 2. Anasimama kwa mguu ule peke yake, bila gongo, mpaka hesabu ya 10.
Mlango wa 3. Akikaa kwenye kiti, anaweza kurudisha kisigino nyuma, chini ya kiti, kupita miguu ya mbele ya kiti. Goti lisilofika pale haliwezi kuzungusha pedali.
Mlango wa 4. Anaketi na kusimama kitini mara 10 bila kujisukuma kwa mikono.
Mlango wa 5. Anatembea nusu saa bila kuchechemea.

Mlango mmoja ukikataa, arudi kwa kazi za mguu, akapime tena kisha ya juma moja. Kungoja hivyo si aibu.

KINGA ISIYOTEMBEA

Hapa tuna habari njema. Katika nchi nyingi, waganga wanaofundisha wagonjwa kutembea tena wanatumia baiskeli iliyofungwa mahali pamoja. Juu ya nini? Kwa sababu mtu anapokaa juu ya kinga, kiti kinabeba uzito wa mwili, na mguu unazunguka tu. Goti linalegea, nyama ya paja inarudi, na mfupa haupigwi kama wakati wa kukimbia. Kinga ile iliyomwangusha inaweza kuwa dawa yake.

Wewe huna mashine ile. Lakini kinga nyingi za huku, zile nzito za kubebea, zina chuma cha nyuma cha kusimamishia. Ukiisimamisha, tairi ya nyuma inainuka na kuzunguka hewani. Hiyo ndiyo mashine yako. Fanya hivi:

Simamisha kinga mahali sawa, pagumu, karibu na nguzo. Funga usukani kwenye nguzo. Tia mawe mbele na nyuma ya tairi ya mbele. Toa mizigo yote. Inua kiti juu kidogo kuliko desturi, kusudi goti lisikunjwe mno. Weka kibao cha kupandia. Mtu mmoja mwenye nguvu amshike, na watoto wakae mbali na mnyororo na rayoni.

Siku za kwanza, asilazimishe kuzungusha. Asukume pedali mbele kidogo na kurudisha nyuma kidogo, kama mtu anayetikisa mtoto. Goti likikubali, atamaliza mzunguko mzima bila kujua. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha. Akifika dakika 15 bila taabu, mshushe kiti kidogo. Akitaka kazi zaidi, akamate freni ya nyuma kidogo. Tairi itakataa, na paja litafanya kazi.

Kazi hii ya kinga isiyotembea haingoji milango yote mitano. Munganga akisema mfupa unaweza kuvumilia, inaweza kusaidia kufungua mlango wa 3 na wa 4.

SASA NJIANI

Milango mitano ikifunguka, aanze hivi, kila hatua juma moja au mawili:

Hatua ya 1. Njia sawa, kavu, bila mzigo na bila abiria. Dakika 10 mpaka 15. Mtu amfuate kwa miguu.
Hatua ya 2. Nusu saa, bado bila mzigo. Kwenye mlima ashuke, atembee.
Hatua ya 3. Saa moja. Milima midogo anapanda akiwa amekaa, asisimame juu ya pedali.
Hatua ya 4. Mzigo mdogo, kama bidoni moja ya litre 20.
Hatua ya 5. Nusu ya mzigo wa zamani. Kisha, baada ya majuma mengi, mzigo mzima.

Sheria ni moja, na wewe mama ndiwe unayeilinda: KESHO ASUBUHI NDIYO INAYOHUKUMU. Usiulize, "Jana ulisikia namna gani?" Uliza, "Leo umeamka namna gani?" Kama mguu umeamka umevimba, au unauma kuliko jana, apumzike mpaka utulie, kisha arudi hatua moja nyuma. Kama umeamka vizuri siku zote za juma, aende mbele.

Kupanda na kushuka kuna hatari kuliko kuendesha. Goti likiwa gumu, asirushe mguu juu ya kinga. Alaze kinga chini, aingie katikati, kisha aiinue. Anaposimama, mguu mzima uguse chini kwanza. Afanye mazoezi hayo nyumbani mpaka mwili uzoee.

Jambo lingine watu hawalijui: kusukuma kinga yenye mzigo mlimani ni kazi nzito kwa mguu kuliko kuipanda njia sawa. Mtu anasema, "Mi sipandi, nasukuma tu." Lakini mifuko miwili au mitatu ya makala inaweza kupita kilo 100, na mguu ule ndio unaozuia yote isirudi nyuma. Kwa hiyo kusukuma mzigo kunaingia katika hatua ya 5, si katika hatua ya 1.

Kama mguu umekuwa mfupi kuliko mwingine, usikate tamaa. Upungufu wa sentimetre 1 au 2 watu wengi wanauzoea. Ukizidi, fundi wa viatu aongeze soli ya mpira wa tairi, na pedali ya upande ule iongezwe kibao kilichofungwa imara.

Mbele ya safari ya kwanza, angalia kinga yenyewe. Freni zinakamata? Tairi iko na meno? Rayoni hazikuvunjika? Kinga iliyomwangusha kwa freni mbaya itamwangusha tena. Na kama unabebwa nyuma pamoja na mtoto, funika rayoni kwa kipande cha mpira au ubao, na mtoto awe na mahali pa kuweka miguu. Kisigino kidogo kikiingia katika rayoni, kinachunwa mpaka mfupa.

NJAA, AIBU NA WOGA

Tunajua, mama, hili ndilo gumu. Munganga anahesabu majuma, wewe unahesabu vikombe vya unga. Hatuwezi kukuambia njaa si kitu. Tunakuambia hesabu hii: mtu anayengoja mpaka mwezi wa sita anapoteza miezi sita. Anayerudi kwa mzigo mwezi wa tatu na kuvunjika tena, anaanza upya kutoka siku ya kwanza, na deni la lopitali juu yake, na mara nyingi mguu wa pili hauungani vizuri kama wa kwanza. Njia fupi ndiyo inayokuwa ndefu.

Kwa hiyo kaeni kikao cha jamaa mapema, katika juma la kwanza, si siku unga umekwisha. Kinga isilale ukutani. Ndugu au jirani mwaminifu aifanyie kazi, na sehemu ya franga irudi nyumbani, mkipatana mbele ya shahidi. Mgonjwa mwenyewe anaweza kufanya kazi ya kuketi: kuziba tairi, kusuka vikapu, kuchambua maharagi, kupima na kuuzisha makala kwa kopo mbele ya nyumba. Mtu mwenye kazi mikononi haharakishi mguu.

Usiruhusu jamaa wamcheke. "Mwanaume gani huyu anaketi na wanawake?" Maneno hayo yamewarudisha wengi njiani mbele ya wakati. Ukisikia, jibu wazi: "Yuko kazini. Kazi yake sasa ni kupona."

Wengine wako kinyume. Mfupa umeungana, milango imefunguka, lakini anaogopa. Anaona njia ile, moyo unapiga. Usimwite mwoga. Mwache aanze na kinga isiyotembea, kisha uani, kisha njia ya karibu mchana bila magari. Woga unapungua kwa hatua ndogo, sawa na maumivu.

Na kama kijana wako anasema, "Mi niko na nguvu, si kama wengine," mwambie habari ya Chris Froome. Mtu huyu alizaliwa Nairobi, Kenya, mwaka 1985. Alishinda mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, Tour de France, mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwezi wa 6 mwaka 2019 upepo ulimwangusha akiwa katika mwendo wa kasi huko Ufaransa, akagonga ukuta. Paja lilivunjika, na kiwiko na mbavu vilevile. Alipasuliwa upesi, akawa na waganga wazuri, chakula kizuri, na watu wa kumfundisha mguu kila siku. Hata hivyo alirudi kwenye mashindano mwezi wa 2 mwaka 2020 tu, miezi nane baadaye. Na tangu hapo hakushinda tena mashindano makubwa kama yale ya zamani. Kama mguu wa mtu yule ulidai miezi nane, wa kwetu nao una haki ya kungojewa.

RUDI LOPITALI UPESI KAMA:

– mahali palipovunjika panauma tena ghafula, au mguu umepinda;
– kidonda kinatoa usaha, au kipande cha mfupa kinatoka;
– mgonjwa ana homa, na mguu ni mwekundu na wa moto;
– nyama ya muundi imevimba na kuuma upande mmoja; na kama pumzi inakatika au kifua kinauma, usikawie hata saa moja;
– miezi sita imepita na mfupa ungali unacheza mahali ulipovunjika.

MASWALI YA KUULIZANA NYUMBANI

1. Juu ya nini mtu asiyesikia maumivu anaweza kuwa bado hajapona?
2. Vidole vya mguu vinakuonyesha nini?
3. Taja milango mitano mbele ya kupanda kinga.
4. Nani atafanya kazi na kinga yenu wakati mwenyewe anangoja?
5. Nini inahukumu kama mgonjwa aende mbele au arudi nyuma hatua moja?

Jibu la swali la tano mfundishe kila mtu nyumbani, hata watoto. Kesho asubuhi, mbele ya kutoa kinga nje, mtazame mguu pamoja.